Kukaa, Kumiliki na Kutunzana: Mwongozo kwa Familia Zenye Watu Wazima Wengi Katika Ua Mmoja

Wasomaji wa Kampene na wa Kindu huleta swali lilelile mara kwa mara, kila mmoja kwa maneno yake: wazazi, watoto waliokwisha kutimiza miaka 18, wake za watoto hao, dada aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika na bibi asiyeweza tena kwenda shambani waishi vipi katika ua mmoja bila kugombana leo kwa ajili ya sufuria na kesho kwa ajili ya kiwanja? Baba huuliza kama anaruhusiwa kumwambia kijana wake ahame. Kijana aliyejenga vyumba viwili kwa pesa za kasiterite, yaani madini ya bati, huuliza kama vyumba hivyo ni vyake. Mjane huuliza kama shemeji zake wanaweza kumtoa. Makala haya yanajibu maswali hayo kwa hatua, tahadhari na orodha, ili familia iweze kuyatumia kama yalivyo.

Chanzo cha mkanganyiko kinafahamika kwa kila anayeijua historia ya Kampene, mji wa madini ulioko katika eneo la Pangi, mkoani Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika nchi ya Warega. Enzi za makampuni ya madini, ambayo mengi yaliunganishwa mwaka 1976 na kuwa kampuni moja, SOMINKI, mfanyakazi alipewa nyumba kambini, akalipwa mshahara na kutambuliwa kuwa mkubwa wa nyumba, kiasi kwamba paa, pesa na matunzo vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Bei ya bati ilipoporomoka mwaka 1985, na kampuni ilipofikia mwisho wake katika miaka ya 1990, mambo hayo matatu yalitengana: leo kiwanja ni cha baba aliyestaafu bila kipato, pesa zinatoka kwa kijana mchimbaji, na kazi ya kulea iko mikononi mwa bibi au shangazi. Familia nyingi, hata hivyo, zinaendelea kusema na kuamua kana kwamba mambo hayo bado ni kitu kimoja, na hapo ndipo ugomvi huanzia.

## Mambo matatu yasiyopaswa kuchanganywa

Kabla ya hatua yoyote, kila mtu mzima wa ua aelewe tofauti kati ya mambo haya:

- Haki ya kukaa ni ruhusa ya kulala, kupika na kutumia choo na maji ya ua. Hutolewa na mwenye ua, yaweza kuwekewa muda au masharti, na haigeuki kuwa umiliki kwa sababu tu miaka mingi imepita.
- Haki ya kumiliki ni haki juu ya kiwanja, kinachoitwa parseli katika mazungumzo ya kila siku, na juu ya majengo yaliyomo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi yote ni mali ya Dola, kwamba mtu hupewa haki ya kuitumia, na kwamba haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha uandikishaji kinachotolewa na ofisi ya ardhi. Karatasi ya shefu au barua ya mauziano ni ushahidi wa kuanzia, lakini haina nguvu ya cheti hicho.
- Wajibu wa kutunza ni deni la kibinadamu na la kisheria kati ya ndugu. Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 2006 inawapa watoto wajibu wa kuwasaidia wazazi wao, na Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawataka wazazi na watoto wasaidiane pale mmoja anapokuwa na uhitaji na mwingine ana uwezo.

Wajibu huo haufuati mahali mtu anapolala. Mtoto aliyehamia Kindu au Bukavu hajaachiliwa wajibu wake kwa sababu ya umbali, na mtoto aliyebaki nyumbani hanunui kiwanja kwa kumlisha mama yake. Familia itakayoishika kanuni hii moja itakuwa imekwisha kuzuia sehemu kubwa ya migogoro inayoelezwa hapa chini.

## Hatua ya kwanza: kuandika orodha ya ua

Daftari la kawaida la shule linatosha. Kazi hii ifanywe na watu wawili wa rika tofauti, kwa mfano mama na mtoto wake wa tatu, ili kumbukumbu za zamani zikutane na macho ya sasa. Orodha iwe na:

1. Kila jengo la ua, nani alilijenga, mwaka gani, kwa pesa za nani na kwa ruhusa ya nani, pamoja na jiko, choo, kisima na miti ya matunda au michikichi.
2. Kila mtu mzima anayelala hapo, umri wake, shughuli yake, afya yake na jengo analolala.
3. Kila mtu mzima wa familia asiyelala hapo lakini mwenye haki katika kiwanja, wakiwemo mabinti walioolewa na wachimbaji walioko machimboni.
4. Kila karatasi iliyopo: ya ununuzi, ya ofisi ya ardhi, ya shefu, ya ndoa, ya kuzaliwa, na mahali inapohifadhiwa.
5. Madeni ambayo watu wa familia wanadai au wanadaiwa.

Karatasi zipigwe picha kwa simu na nakala moja ipelekwe kwa ndugu anayeishi mji mwingine, kwa kuwa familia nyingi za Maniema zilizokimbia wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 zilirudi zikiwa na kiwanja lakini bila ushahidi wowote wa maandishi. Anayetunza karatasi asilale katika chumba kinachogombaniwa.

## Hatua ya pili: kikao cha familia

Kikao kinaitishwa na mwenye ua, na kinahudhuriwa na watu wazima wote walioandikwa katika orodha. Asiyeweza kufika atoe kauli yake kwa simu mbele ya kikao, wala asiwakilishwe na mtu aliyejiteua. Mwenyekiti awe ndugu asiyelala katika ua huo, kama vile mjomba au shangazi mwenye busara, kwa sababu mtu mwenye chumba anacholinda hawezi kuwa mwamuzi.

Tahadhari tatu zinahitajika hapa:

- Kikao kisiitishwe wakati wa matanga. Uchungu, deni la jeneza na wageni wengi humfanya kila mmoja aseme asichoweza kukirudisha. Kingojee hadi wageni waondoke, isipokuwa kuna mtu anayetishiwa kutolewa nje.
- Kisiitishwe siku ambayo mzigo wa madini umeuzwa, kwa sababu ahadi za siku hiyo hupimwa kwa pesa iliyoko mfukoni na hazidumu.
- Heshima ya ukwe isigeuke kuwa ukimya. Mke wa kijana huona aibu kulalamika mbele ya baba mkwe wake, kwa hiyo shangazi au mke wa kaka mkubwa amsikilize faraghani siku moja kabla, kisha aseme kwa niaba yake bila kumtaja kuwa mlalamikaji.

Kikao kimoja kishughulikie jambo moja tu, kwanza vyumba, kisha chakula na michango, na mwisho kiwanja. Familia inayoanza na kiwanja haifiki kwenye chakula.

## Hatua ya tatu: karatasi ya makubaliano

Makubaliano yaandikwe kwa lugha ambayo wote wanaielewa, Kiswahili kikiwa ndicho chepesi zaidi, na yasomwe kwa sauti mara mbili kabla ya kutiwa saini. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Karatasi nzuri hujibu maswali haya saba:

1. Nani analala katika jengo gani, na kwa muda gani.
2. Jengo hilo ni la nani.
3. Kila mtu mzima anachangia nini, na lini.
4. Nani anamhudumia mzee au mgonjwa, na nani anamsaidia mhudumu huyo.
5. Mgeni au ndugu mpya anapokelewa kwa idhini ya nani.
6. Anayetaka kuhama, au anayeombwa kuhama, anapewa muda gani wa taarifa, na jengo lake linafanywa nini.
7. Makubaliano yatapitiwa tena lini. Mwaka mmoja ni muda unaofaa.

Shefu wa mtaa anaweza kuombwa awe shahidi na kuweka muhuri. Izingatiwe kwamba karatasi hii inaonyesha nia na ahadi za familia lakini haihamishi umiliki wa kiwanja, kwa kuwa kazi hiyo hufanyika katika ofisi ya ardhi pekee.

## Michango pale kipato kinapopanda na kushuka

Kosa linalovunja makubaliano mengi ya Kampene ni kuiga mshahara wa mwezi katika mji ambao wengi hawalipwi kwa mwezi. Mchimbaji anaweza kukaa majuma mengi akitoa maji na mawe shimoni bila kupata chochote, kisha akauza mzigo kwa siku moja, na deni lake kwa aliyemlisha wakati wa kuchimba likala sehemu kubwa ya pesa hiyo. Mpango unaodumu huchanganya aina tatu za mchango:

- Mchango wa kazi, usiohitaji pesa: kuchota maji, kutafuta kuni, kutwanga muhogo, kulima shamba la mpunga, kulala kwa mgonjwa. Uandikwe kwa jina na kwa siku, ili asiye na pesa asionekane mzigo na mwenye pesa asijione ameachiliwa kila kitu.
- Mchango wa vitu, unaotolewa kila juma: mchele, mawese, chumvi, sabuni, makaa.
- Mchango wa fungu, unaotolewa kila mzigo unapouzwa: familia ikubaliane juu ya sehemu, kwa mfano moja ya kumi, ambayo inakatwa kabla mchimbaji hajalipa madeni ya starehe, na inahifadhiwa kwa ajili ya dawa, ada na ukarabati wa paa.

Fungu hilo lisikae na mwenye nguvu kuliko wote. Liwekwe katika kikundi cha akiba na mikopo cha mtaa, ambacho sanduku lake lina funguo zaidi ya moja, au katika akaunti ya simu ya mtu anayetoa hesabu mbele ya wote kila mwezi. Likelemba, yaani mchezo wa kupokezana fedha kwa zamu, inafaa kwa kununua mabati au godoro, lakini haifai kwa ugonjwa, kwa sababu ugonjwa haungojei zamu.

Usalama wa pamoja nao ni mchango. Mchimbaji wa dhahabu anayetumia zebaki asiichome ndani ya ua wala katika jiko la familia, kwa kuwa mvuke wake huharibu ubongo na figo, huwadhuru zaidi wajawazito na watoto wachanga, na hubaki katika kuta na vyombo hata baada ya harufu ya moto kuisha.

## Kila rika na mpangilio wake

### Kijana wa miaka 18 hadi 25

Mtu hufikia utu uzima kisheria akiwa na miaka 18, na kuanzia hapo mzazi anaweza kumwekea masharti ya kukaa kama mtu mzima mwingine, bila kusahau kwamba wajibu wa kumsaidia hauishi siku hiyo ikiwa bado anasoma au hana uwezo. Kijana anayekwenda kwa mjomba Kindu ili asome katika Chuo Kikuu cha Kindu apelekwe na mzazi au ndugu mkubwa anayeeleza wazi mambo manne: muda wa kukaa, chakula kitakacholetwa, kazi za nyumbani atakazofanya, na nani atalipa akiugua. Kumtuma na begi na salamu pekee kunamgeuza kuwa mtumishi wa nyumba au mgeni asiyekwisha.

### Kijana anayejenga katika ua wa baba

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Kabla ya tofali la kwanza kuwekwa, baba na kijana wachague mojawapo ya njia tatu na kuiandika:

1. Jengo ni msaada kwa wazazi. Kijana anakaa humo, lakini jengo linaingia katika mali ya baba na litagawanywa kwa warithi wote.
2. Jengo ni deni. Gharama inaandikwa pamoja na stakabadhi za mabati, misumari na ujira wa fundi, na kijana atarudishiwa siku atakapohama au siku ya mirathi.
3. Sehemu ya kiwanja inatolewa kwa kijana. Sehemu inapimwa, ndugu wengine wanatia saini kwamba wamejulishwa, na faili linapelekwa ofisi ya ardhi ili kiwanja kigawanywe rasmi.

Kijana asiyepata hata moja kati ya hizo anashauriwa aweke akiba yake katika kiwanja kingine chenye karatasi zinazobeba jina lake. Kujenga kwa matumaini kwamba ndugu watakumbuka ni kuwaandalia watoto wake kesi.

### Wenzi wapya

Wenzi wanaoanza maisha katika ua wa wazazi wapewe tangu mwanzo mlango wao na jiko lao, hata kama ni mafiga matatu chini ya kibanda, kwa sababu sufuria moja chini ya wanawake wawili wenye mamlaka yasiyoelezwa huchosha haraka kuliko uhaba wa chakula. Mahari ikishatolewa, ndoa iandikishwe kwa ofisa wa usajili wa raia, anayeitwa etasivili, maana mjane asiye na cheti cha ndoa hulazimika kuthibitisha ndoa yake wakati ambapo wanaoweza kumshuhudia ndio wanaotaka nyumba. Wakati wa kuandikisha, wenzi huulizwa kuhusu utaratibu wa mali. Wasipochagua, sheria huwapa ule ambao mali iliyochumwa ndani ya ndoa ni ya wote wawili, na ile ambayo kila mmoja alikuja nayo hubaki yake.

Mume mwenye mke zaidi ya mmoja, kwa dini au kwa mila, ajue kwamba Kanuni ya Familia haitambui ndoa ya wake wengi, na kwa hiyo mke wa pili hapati haki za mwenzi aliyebaki hai. Njia ya kumlinda ni kumwandikia mke huyo kiwanja kwa jina lake mwenyewe mume akiwa bado hai, na kuwaandikisha watoto wote kwa etasivili.

### Binti au dada aliyerudi

Mwanamke anayerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika hurudi akiwa na haki sawa na kaka zake katika urithi wa wazazi, ingawa haki ya kukaa inahitaji kupangwa kama ya mtu mzima yeyote. Familia impe chumba kwa muda ulioandikwa, imwache apumzike kabla ya kumgawia kazi zote za jikoni, na isimrudishe kwa mume aliyekuwa akimpiga kwa sababu tu ya kuogopa kurudisha mahari.

### Wazee na wanaowahudumia

Mzee alale karibu na choo na mbali na ngazi au mtaro, apate chandarua chake, na dawa zake ziandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Huduma ya mzee igawanywe kwa zamu zinazoonekana, kwa maana katika familia nyingi mzigo wote humwangukia binti mmoja asiyeolewa au mkwe mdogo, huku wengine wakileta nasaha. Mhudumu huyo apewe siku ya mapumziko kila juma na sehemu ya fungu la familia. Mzee naye aulizwe: anataka kula na nani, kulala wapi, kuzikwa wapi, na nani ashike karatasi zake. Kumhamisha kutoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule kila mwezi bila kumuuliza kunamnyima majirani, mchungaji au imamu wake, na mara nyingi dawa zake.

### Bibi anayelea wajukuu

Wazazi wanaokwenda machimboni wakamwachia bibi watoto waache pia vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, barua inayomruhusu bibi kumpeleka mtoto hospitali na kumwandikisha shule, na mchango wa kila juma unaopitia kwa mtu anayejulikana. Mtoto mchanga huandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na anayesafiri kabla ya kufanya hivyo humwachia bibi safari ya mahakamani. Masomo ya msingi katika shule za umma yametangazwa kuwa bure tangu mwaka wa masomo wa 2019, lakini daftari, sare na chakula cha mchana havilipwi na yeyote isipokuwa familia.

## Mirathi: hesabu ya kufanya wakati wote wako hai

Kwa sheria, warithi wa kundi la kwanza ni watoto, wanawake kwa wanaume sawasawa, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa ambao baba aliwatambua rasmi akiwa hai. Wao hupata robo tatu ya mali ya marehemu, na wosia hauwezi kuigusa sehemu hiyo. Robo inayobaki hugawanywa sawa kwa mafungu matatu: mwenzi aliyebaki hai, baba na mama wa marehemu, na kaka na dada zake.

Mfano wa hesabu: mume anafariki akiacha mke, watoto watatu, wazazi na ndugu, pamoja na nyumba ya thamani ya dola 4,800 iliyonunuliwa ndani ya ndoa chini ya utaratibu wa mali ya pamoja.

- Kwanza mke anatoa nusu yake, dola 2,400, ambayo haimo katika mirathi.
- Nusu nyingine, dola 2,400, ndiyo mirathi: watoto wanapata 1,800, yaani 600 kila mmoja.
- Zinazobaki 600 zinagawanywa: mke 200, wazazi 200, kaka na dada 200 kwa pamoja.

Zaidi ya hayo, mwenzi aliyebaki hai anapewa na sheria haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja na samani zake. Shemeji wenye fungu la dola 200 wanaofunga mlango wa mjane wanachukua kisichokuwa chao, na kisingizio cha mila hakibadilishi hesabu hiyo.

Anayetaka kuacha wosia bila gharama auandike wote kwa mkono wake mwenyewe, aweke tarehe na saini, na kumwachia nakala mtu asiyerithi.

## Nyumba za kambi za zamani

Familia zinazokaa katika nyumba zilizojengwa na kampuni zina tatizo la pekee: kukaa kwa vizazi vitatu hakuthibitishi kwamba nyumba ilipewa babu iwe mali yake. Kabla ya kuuza, kupangisha au kugawana vyumba, familia itafute barua ya kugawiwa nyumba, karatasi za mwisho wa kazi na stakabadhi yoyote ya makato, kisha iulize kwa maandishi SAKIMA, shirika la serikali lililochukua mali za SOMINKI katika sekta ya bati, na ofisi ya ardhi. Anayenunua nyumba ya aina hii kwa neno la mrithi mmoja hununua nafasi yake katika mgogoro.

## Makosa yanayojirudia

- Kumkabidhi kaka mkubwa karatasi zote kwa sababu ya ukubwa wake pekee.
- Kumhesabu binti aliyeolewa kuwa ametoka katika urithi.
- Kupangisha chumba cha ndugu aliyeko machimboni bila kumjulisha.
- Kumtisha kijana kwa laana badala ya kumpa tarehe ya kuhama.
- Kupokea wageni wa muda mrefu kwa idhini ya mtu mmoja huku mchele ukitoka kwa mwingine.
- Kuahirisha kila kitu hadi mzee augue, wakati hawezi tena kutia saini.

## Mashaka ya wasomaji

«Kuandikiana na baba ni kukosa heshima.» Mila yenyewe inapinga dai hili, kwani mahari huhesabiwa mbele ya mashahidi wa pande mbili, na hakuna anayesema kwamba kuhesabu huko kunapunguza upendo wa wakwe. Familia inayoweza kushuhudia mbuzi na pesa inaweza pia kushuhudia chumba na kiwanja.

«Hatuna mali ya kuandika.» Familia maskini ndiyo inayoumia zaidi ikipoteza kiwanja kimoja, kwa kuwa haina cha pili cha kukimbilia.

«Wazazi watadhani tunangojea wafe.» Mazungumzo yaanze na mahitaji yao: nani atawahudumia, watalala wapi, nani atalipa dawa. Kiwanja kije mwisho, na wazazi wenyewe ndio wakitaje.

«Tumekwisha kugombana, karatasi itasaidia nini?» Katika hali hiyo iandikwe ya muda mfupi, ya miezi mitatu, inayohusu vyumba na chakula tu. Kila sharti linaloheshimiwa hurejesha kiasi kidogo cha imani, na kiwanja kingojee.

## Mgogoro ukishatokea

Ngazi zifuatwe kwa utaratibu huu, na kila ngazi iache maandishi:

1. Wazee wa familia wa pande zote mbili, wa baba na wa mama, pamoja na mtu mmoja anayeaminiwa na mlalamikaji.
2. Padri, mchungaji au imamu, ikiwa wote wanamkubali.
3. Shefu wa mtaa au wa kijiji, kwa upatanisho na ushuhuda.
4. Mahakama ya amani, kwa madai ya mirathi, ya matunzo na ya ndoa.

Polisi hawana kazi ya kugawa vyumba wala kukusanya madeni ya familia, na kumfungisha ndugu kwa ajili ya kiwanja huzidisha gharama bila kutatua umiliki. Kwa upande mwingine, penye kipigo, ubakaji au kitisho cha kuua, ngazi za upatanisho zirukwe: aliyedhuriwa apelekwe hospitali na kwa vyombo vya sheria mara moja, na asilazimishwe kukaa kikao kimoja na aliyemdhuru.

Familia isiyojua pa kuanzia ichague mambo mawili ya juma hili: kuandika orodha ya majengo na ya watu, na kuwauliza wazee wanataka kuhudumiwa na nani. Yote mawili hayahitaji wakili wala ada, na majibu yatakayopatikana ndiyo yatakayoonyesha kama kikao kijacho kizungumzie vyumba, chakula au kiwanja.